Uzi: Miaka ya Azimio (1967–1977) tunaifundisha vipi mpaka mwanafunzi aione kwa macho?

#1 ChakiNyeupe
Wakuu, salaam. Nadai hivi: miaka ya 1967 hadi 1977 tunaifundisha kama orodha ya dukani. Sababu sita za Azimio la Arusha (tamko la TANU la ujamaa na kujitegemea), mafanikio sita, matatizo sita, kengele imelia. Katikati hamna mtu hata mmoja. Mwanafunzi anakuandikia "kukomesha unyonyaji" bila kosa, lakini muulize mama wa kijijini Dodoma mwaka 1974 alitembea umbali gani kwenda shamba, anakutazama tu.

Pendekezo langu: chagua kampeni moja ya wakati ule uiendeshe darasani kama ilivyoendeshwa. Mimi nachagua Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya redioni iliyohimiza kaya kuchimba vyoo, kwa sababu ilikuwa fupi (wiki 12), ilikuwa na hatua zinazojulikana, na matunda yake yanapimika kwa futi. Watu walikusanyika kwenye kikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa sura ya kitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana cha kufanya kabla ya kukutana tena. Washiriki walikaribia milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000.

Darasa la watu 60 ligawe makundi sita. Kila kundi lina kiongozi uliyemwandaa siku moja kabla, mwandishi, na MSOMAJI MMOJA. Waliobaki hawagusi karatasi. Wasikilize tu, wategemee sikio na kumbukumbu. Dakika kumi hazitapita utasikia "hebu rudia hapo kwa malaria". Basi hapo ndipo somo linapoanza.

Nyie mnafanyaje? Na wapi panaharibika?

#2 Kisomo75
Uzi mzuri. Nakuunga mkono kwa msomaji mmoja, ila ugonjwa umeutaja nusu. Wanafunzi hawaunganiki na miaka ile kwa sababu hatuwaonyeshi kwamba bado ina watu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 alizaliwa 1954. Yuko kwenye nyumba ya tatu kutoka shuleni anakunywa chai. Anza na yeye, kampeni ifuate.

Mahojiano yenyewe yana utaratibu. Waende wawili, siyo kumi. Simu iwekwe hali ya ndege, ilale juu ya khanga iliyokunjwa, maana meza inabeba kila kishindo cha kikombe. Anayerekodi ataje kwanza tarehe na kijiji. Swali la kwanza lisiwe Azimio. Liwe: "Kabla ya kuhamia hapa mlikaa wapi?" Kisha mpe mzee kijiti achore chini: nyumba ya zamani, kisima, shamba, makaburi. Pembeni achore kijiji kipya: barabara, mistari ya nyumba, bomba kama lilikuwepo. Piga picha ule mchoro kabla kuku hawajapita. Umbali usiuulize kwa kilomita. Uliza jua lilikuwa wapi alipotoka nyumbani na lilikuwa wapi alipofika shambani.

Kinachoharibu: mwanafunzi kuuliza "je, mliteswa?" au "je, mlifurahi?" Swali la hivyo jibu limo ndani yake tayari. Lingine ni mwenyekiti wa kijiji kukaa kwenye kiti cha pembeni. Mzee atatoa hotuba.

#3 MezaYaNyaraka
Wote mko sawa, ila tarehe tuziweke vizuri, maana uzi huu kesho utabandikwa kwenye madaftari.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Siku moja baadaye mabenki yakatangazwa kuwa mali ya umma. Waraka wa Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea ni Machi 1967, ule wa Ujamaa Vijijini ni Septemba mwaka huohuo. Mtu ni Afya ni 1973. Chakula ni Uhai ni 1975. Kabla ya hizo mbili kulikuwa na kampeni nyingine za redio, Kupanga ni Kuchagua (1969/70) na Wakati wa Furaha (1971). Wengi wanazichanganya.

Halafu ChakiNyeupe, anza nyuma kidogo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walifukuzwa 393, na Mwalimu Nyerere akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kidato cha tatu wakisikia vijana wa karibu umri wao walifukuzwa siku moja, wanaamka. Miezi mitatu baadaye likaja Azimio lenye masharti ya viongozi. Waache wabishane kama mambo hayo mawili yanahusiana.

#4 BintiMichenzani
Assalaam alaykum. Naona mnasema "nchi yetu" na mnaanzia 1967. Azimio lilikuwa la TANU. Huku kwetu Zanzibar chama kilikuwa ASP (Afro-Shirazi) na mageuzi yalianza mapema: elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, mashamba yakataifishwa na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Ukimfundisha mtoto wa Unguja au Pemba kwa kalenda ya Arusha peke yake, historia ya nyumbani kwake hatoiona humo.

Zoezi la eka tatu ni jepesi. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047, basi tatu ni 12,141. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni 7,140. Eka tatu ni kiwanja kimoja na sehemu saba katika kumi. Wazungushe kwa miguu, kisha waulize: mikarafuu mingapi, muhogo wapi, na mwenye shamba wa zamani yuko wapi sasa? Swali la mwisho usiliruke.

TANU na ASP viliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, miaka kumi kamili baada ya Azimio. Tarehe hiyo haikuangukia hapo hivi hivi.

#5 SururuNaKoleo
Narudi kwa #1. Umesema matunda ya Mtu ni Afya yanapimika, lakini hujapima! Choo cha shimo cha mita 1 kwa 1, kina mita 3, ni mita za ujazo 3, yaani lita 3,000. Karai la fundi linabeba kama lita 15. Makarai 200 kwa kaya moja, kwa mkono. Hesabu hiyo iandike ubaoni kabla ya neno "mafanikio".

#6 FundiWaMsingi
Mkuu #5, hesabu nzuri ila umesahau udongo ukichimbwa unavimba. Ongeza karibu robo. Makarai 250, siyo 200. Na hapo ni udongo mwekundu ulioshikamana. Kwenye kichanga kuta zinabomoka, unalazimika kupanua juu au kuzungushia miti, kazi inaongezeka. Kwenye mfinyanzi mweusi kiangazi unapasuka, masika shimo linajaa maji. Ndiyo maana agizo moja la "kila kaya choo" lilikuwa kazi ya siku chache kwa huyu na ya wiki kwa yule.

Tahadhari: MSIWASHUSHE wanafunzi kwenye shimo refu. Wachimbe mita 1 kwa 1, kina sentimita 30 tu. Hesabu makarai (yatakuwa kama 25), zidisha kwa kumi. Kisha fukieni palepale.

#7 NyumbaKumi
Historia imegeuka hisabati, na ujenzi juu yake 😄 Mwalimu wa hesabu akipita humu atadai vipindi vyake.

#8 SururuNaKoleo
FundiWaMsingi nimekubali, 250. NyumbaKumi, mwambie mwalimu wa hesabu alete karai.

#9 KalamuNyekundu
Niwape maelezo tofauti na ya #1 na #2. Wanafunzi hawakosi hisia. Wanasoma mtihani. Swali likiuliza "eleza hoja sita", kijana mwenye akili anakariri sita. Ukimletea choo na kijiti anafurahi Jumanne, Ijumaa anarudi kwenye sita zake, na ana haki.

Kwa hiyo zoezi lolote lazima limalizikie kwenye jibu la mtihani. Mfano: baada ya makarai 250, aandike hoja moja tu, "kampeni ilitegemea nguvu kazi ya wananchi", na chini yake ushahidi wa mistari mitatu: muda wa kampeni, idadi ya washiriki, kazi ya kaya moja. Hoja yenye ushahidi wa namna hiyo haisahauliki, na msahihishaji anaiona. Dakika 80 za vipindi viwili zigawe hivi: 10 utangulizi, 35 zoezi, 15 mjadala, 20 kuandika. Wengi wanakula zile 20 za mwisho kwenye mjadala, halafu wanashangaa mbona matokeo hayabadiliki.

#10 Mswahili_Kindakindaki
KalamuNyekundu, mtihani ni nusu. Nusu nyingine ni lugha. Azimio liliandikwa na kuhubiriwa kwa Kiswahili. Kunyonya, kupe, bepari, kabaila, mnyonge, kujitegemea: maneno haya yalikuwa na meno. Ukimpa mtoto tafsiri ya Kiingereza, kupe anakuwa dhana. Mwambie "kupe" na ng'ombe yuko dirishani, ameshaelewa. Sasa hivi somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kisingizio kimekwisha. Wasome vile vifungu kwa sauti, kama vilivyosomwa mkutanoni.

#11 MjukuuWaIsmani
Naomba tusigeuze miaka ile kuwa maigizo ya vyoo na redio peke yake. Tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, mwisho 1976. Kabla ya hapo zilishakuwepo operesheni za kuhamisha watu: Rufiji, Dodoma 1971, Kigoma 1972. Watu walipakiwa kwenye malori, na wapo waliobomolewa au kuchomewa nyumba ili wasirudi. Mkoani Iringa, Krismasi ya 1971, mkulima Said Mwamwindi alimuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, kule Ismani. Mwanafunzi anayejua Mtu ni Afya bila kujua Ismani hajaijua miaka ile.

Na msisahau Chama cha Maendeleo cha Ruvuma na kijiji chake cha Litowa. Hao walikuwa wanaishi ujamaa kwa hiari kabla ya Azimio, na TANU ikakivunja mwaka 1969. Kwa nini chama kivunje kilichokuwa kinahubiri? Swali hilo moja linatosha vipindi viwili.

#12 Kisomo75
Mjukuu, kweli kabisa. Ndiyo maana nilitanguliza mchoro wa kijiti. Mzee anapochora makaburi upande wa zamani, habari ya kuhamishwa inakuja yenyewe, hujamchokonoa.

#13 BwanaShambaMstaafu
Na njaa ya 1974 ilitoka hapohapo. Umewahamisha watu wakati wa kuandaa mashamba, shamba la zamani limebaki mwendo wa saa mbili, jipya halijafyekwa. Utavuna nini?

#14 MvuaZaVuli
Mzee wangu, shikamoo, lakini siyo haraka hivyo. Misimu ya 1973/74 na 1974/75 ilikuwa ya ukame, na ukame haukuwa wetu peke yetu. Kuna maeneo mavuno yalianguka kabla lori halijafika.

#15 DukaLaKaya
Wote wawili mmeruka bei. Mkulima alikuwa analipwa kidogo kwa mahindi, akapunguza ya kuuza akabaki na ya kula. Serikali ilipandisha bei baadaye, na uzalishaji ukaitikia. Ongezeni na mafuta kupanda bei mwishoni mwa 1973: fedha za kigeni za kununulia chakula nje zikawa zinagombaniwa na mafuta.

#16 BwanaShambaMstaafu
Marahaba MvuaZaVuli. Ukame sikatai. Lakini ukame unampiga zaidi aliyepanda ekari moja mahali asipopajua udongo wake. Hilo hamjanijibu.

#17 ChakiNyeupe
Msimalizane kwanza, mmenipa zoezi! Kadi 24: sita za mvua, sita za kuhama, sita za bei, sita za mafuta na meli. Kila kadi ina jambo moja na mwezi wake. Makundi yazipange kwenye kamba ya nguo kuanzia Oktoba 1973 hadi Desemba 1975, kisha kila kundi lichague kadi tatu ambazo zikiondolewa njaa isingekuwepo. Hakuna makundi mawili yatakayochagua sawa.

#18 MezaYaNyaraka
Zoezi hilo lina shimo moja. Masimulizi ya wazee mtakayoyatumia kujaza kadi yanachanganya 1974 na miaka ya 1980. Mzee anasema "unga wa yanga, foleni, sabuni hakuna" kwa pumzi moja. Mahindi ya njano ya kutoka nje yaliingia zaidi ya mara moja. Foleni kali na msako wa wahujumu uchumi ni 1983. Muulizeni kwa vigingi: kabla au baada ya vita vya Kagera (1978–79)? Waziri Mkuu Sokoine (alifariki 1984) alikuwa hai? Mtoto wako wa kwanza alishaanza shule? Akijibu vitatu umeshapata mwaka.

Na wanaosema "vijiji vya ujamaa" kwa watu wote waliohamishwa 1974, hapana. Sheria ya 1975 ilitenganisha: kijiji kinaandikishwa kikiwa na kaya zisizopungua 250, kinakuwa na halmashauri ya watu 25 na kamati tano. Kuitwa kijiji cha ujamaa kilikuwa cheo cha juu zaidi. Halmashauri ya watu 25 inaigizika darasani vizuri: wape fedha za kitu kimoja tu, zahanati au mashine ya kusaga, wapige kura.

#19 KhangaNaKalamu
Mabaharia wote mmesahau wanawake, kama vitabu vilivyosahau. Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwanamume mwenye mke mmoja akitaka kuoa wa pili, ridhaa ya mke wa kwanza inaingia. Waliokaa pamoja miaka miwili na kuonekana mbele za watu kama mume na mke, sheria inawadhania wameoana. Umri: mvulana 18, msichana 15. Hapo wasichana wa darasa wanakaa wima, hasa ukiwaambia kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kifungu hicho cha umri kinapingana na Katiba.

Na Operesheni Vijana: Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Barua kwa wahariri zilimiminika, za kuunga mkono na za kupinga. Mpe kila mwanafunzi aandike barua moja, nusu ya darasa upande huu, nusu upande ule, bila kuchagua. Angalizo: vijana wanageuza kuwa vichekesho vya mavazi. Rudisha swali: nani alikuwa na mamlaka ya kumsimamisha binti barabarani, na nani alimpa?

#20 NyumbaKumi
Umetupiga, dada, na umetupiga kwa haki.

Naongeza masharti ya viongozi. Yalikuwa matano: awe mkulima au mfanyakazi na asishiriki ubepari wala ukabaila, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Mpe mwanafunzi kadi: "Wewe ni ofisa wa serikali, 1967. Una nyumba mbili Magomeni, kodi yake inasomesha wadogo zako wanne. Amua." Asilimia kubwa wataandikisha nyumba kwa jina la mke. Hapo wasomee Azimio lenyewe: kiongozi maana yake ni mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Darasa linaguna lote. Kisha wajue kwamba Bibi Titi Mohamed, aliyehamasisha wanawake kuijaza TANU miaka ya 1950, aliyakataa masharti hayo akajiuzulu Kamati Kuu. Na mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM ikayalegeza.

#21 Mwalimu_wa_Kisumu
Hamjambo, majirani. Huku Kenya twawafundisha wanafunzi Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965, ambao pia ulijiita ujamaa wa Kiafrika. Wekeni hizo hati mbili kando kwa kando, kisha wanafunzi wapigie mstari kila mahali ardhi inapotajwa. Jina moja, njia mbili. Zoezi la kadi ya #20 nitalichukua, asanteni.

#22 UPE_77
Karibu jirani. Hapo juu sijaona UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote), na hapo ndipo kila ukoo una mtu wake. Azimio la Musoma, Novemba 1974, liliweka lengo la kila mtoto kuingia shule ifikapo Novemba 1977. Ndiyo mwaka ada ya msingi ilipofutwa.

#23 MezaYaNyaraka
Ada ya msingi ilifutwa 1973, kabla ya Musoma. Mengine sawa.

#24 UPE_77
Nimesahihishwa, shukrani. Basi hoja yangu: idadi iliruka kutoka kama milioni 1.2 hadi karibu milioni 3 kwa miaka michache, na walimu wakapatikana kwa kuwachukua wahitimu wa darasa la saba na kuwafundisha kazini. Mpe mwanafunzi hesabu ya shule moja: madarasa manne, walimu wanne, watoto wanaongezeka mara mbili na nusu. Apange ratiba. Atagundua zamu ya asubuhi na ya mchana bila kuambiwa.

#25 KalamuNyekundu
Na kisomo cha watu wazima je? Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, 39 kwenye mtihani wa Agosti 1975, 27 mwaka 1977. Anguko hilo nani mwenye nalo?

#26 Kisomo75
Vitabu vya kisomo vilivyofuata kazi ya mtu: pamba, ndizi, uvuvi, tumbaku, ufugaji. Mvuvi anajifunza herufi kwa neno "wavu".

#27 MjukuuWaIsmani
Au sheria ndogo na katibu wa tawi mlangoni. Asiyehudhuria alijulikana.

#28 MezaYaNyaraka
Au kipimo chenyewe. Mtihani ulikuwa na madaraja manne, na aliyefika la tatu alihesabiwa anajua kusoma. Kabla ya kubishana juu ya asilimia, wanafunzi watengeneze mtihani wao wa madaraja manne waone mpaka wataukata wapi.

Magazeti ya Uhuru ya miaka ile yanasomeka Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ambayo nayo ilifunguliwa Desemba 1967. Andikeni barua ya shule mapema, mtaje miezi mnayotaka, siyo "miaka ya Ujamaa" tu. Mwezi mmoja unatosha darasa zima, kila kundi wiki moja. Msianze na ukurasa wa kwanza. Anzeni na matangazo ya biashara na barua za wasomaji.

#29 SururuNaKoleo
ChakiNyeupe, swali dogo kabla sijaenda kutafuta karai: yule msomaji mmoja wa kundi, wiki ya pili unambadilisha au anabaki yeye?

#30 ChakiNyeupe
Anabaki yeye mpaka mwisho. Wiki ya tatu uwaulize wenzake wanamwonaje, na umuulize yeye amechoka kiasi gani.

#31 KhangaNaKalamu
Basi msomaji awe msichana, na kiongozi asiwe yeye. Kisha tazameni nani anasikilizwa.